Chenene, Mwizi wa Miche: Tumjue Kwanza



Upande huu wetu wa Kombani kuna kikundi kimoja cha akina mama kilichokaribia kuvunjika kwa sababu ya mdudu. Jina la kikundi hatutalitaja, manake wenyewe wametuomba tusilitaje. Akina mama hao walichanga pesa kidogo kidogo, wakanunua mbegu za nyanya na bilingani, wakatafuta na korosho za kupanda, wakatengeneza kitalu nyuma ya nyumba ya mwekahazina wao. Kila jioni ilikuwa zamu ya mtu kumwagilia. Miche ikatoka vizuri hata wapita njia wakawa wasifu. Halafu asubuhi moja wakaamka, wakakuta mstari mzima umekatwa. Mashina yamebaki urefu wa pingili ya kidole juu ya mchanga, na vichwa vyake havipo. Asubuhi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo.

Maneno yakaanza. "Huyu ni mtu, si mdudu," alisema mmoja. "Mdudu angetoboatoboa majani akayaacha hapo hapo. Hapa pamekatwa kama kwa wembe, na miche imechukuliwa." Wakamshuku jirani mwenye ugomvi wa mpaka na mwekahazina. Wengine, kwa sauti ya chini, wakasema mwekahazina mwenyewe anaiuza miche kisirisiri Ukunda. Kukawa na waliotaja uchawi. Mkutano wa Jumamosi uliisha kwa kelele, na wanachama watatu wakadai warudishiwe michango yao.

Aliyewaokoa ni mvulana wa miaka kama 11, mjukuu wa mmoja wao, aliyekuja kumtafuta mbuzi aliyekatika kamba. Aliona kichuguu kidogo cha mchanga mbichi chini ya ua wa makuti, akasema, "Bibi, mbona hapa kuna chenene?" Wakaleta jembe. Kiasi cha mkono mzima kwenda chini wakakuta vipande vya miche ya nyanya vimelundikwa pamoja, vingine vibichi bado, vingine vimeanza kuoza. Na pembeni yake mdudu mnene wa rangi ya kahawia, kichwa cha mviringo kama kofia ya bodaboda, akiwatazama.

Basi, hebu tumtazame na sisi.

NI MDUDU GANI HUYU?

Majina yanachanganya, kwa hivyo tuyanyooshe kwanza. Wale wadogo weusi wanaolia ndani ya nyumba, nyuma ya mtungi au kwenye paa la makuti, wengi wetu twawaita nyenje. Senene ni wengine kabisa. Hao ni wa kijani au hudhurungi, jamaa ya panzi, na watu wa Bukoba na Uganda huwala kwa furaha. Huyu wetu wa shimoni ni chenene, ingawa kuna vijiji watu humwita nyenje mkubwa na mambo yakaisha. Wataalamu humwita Brachytrupes membranaceus. Apatikana sehemu nyingi za Afrika, tangu magharibi mpaka huku kwetu na kuteremka hadi kusini, mahali popote penye mchanga unaochimbika. Ndiyo maana mchanga wetu mwekundu wa Kombani, Ng'ombeni na Waa wampendeza. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi humpati kirahisi.

Mkubwa wake hufika sentimita 5, karibu urefu wa kidole gumba. Ni mnene, ana taya zenye nguvu, na miguu ya nyuma ina miiba ambayo ikikukwaruza utaisikia. Kwa nyuma ana vijimkia viwili vyenye nywele laini sana. Watu huvidharau vijimkia hivyo, lakini ndivyo vinavyomwokoa. Nywele hizo husikia upepo ukitikisika kidogo tu, hata ule unaosukumwa na mguu wako unapokanyaga au na ulimi wa chura unaporushwa. Kabla hujainama yeye ameshaingia. Ukitaka kumshika kwa mkono mlangoni mwa shimo lake utachoka, bwana.

Masikio yake yako wapi? Si kichwani. Yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, kama kidirisha kidogo chenye ngozi nyembamba. Na hapumui kwa mdomo wala pua. Ana vitundu vidogo ubavuni, pande zote mbili, na hewa huingia kwa hapo. Jambo hili la vitundu lishikeni, tutalihitaji mbele.

NYUMBA YAKE

Chenene ni mpweke. Kila mmoja na shimo lake, na akiingia mwingine vita huwa hapo hapo, ila mume na mke wakati wa kupandana. Huchimba kwa taya na miguu ya mbele, kisha husukuma mchanga nje kwa kichwa na kuupiga teke kwa miguu ya nyuma. Kile kilima kidogo mlangoni ndicho kifusi chake. Shimo huingia kwa mshazari kwanza, kisha hushuka. Kwa kawaida hufika nusu mita, na kwenye mchanga mwepesi huweza kufika sentimita 80. Lina vichochoro na vyumba: pa kulala, pa kuweka chakula, na kwa jike pa kutagia.

Mchana hulala. Mara nyingi huuziba mlango kwa mchanga kutoka ndani, ndiyo maana ukipita saa sita mchana waweza kukanyaga juu ya nyumba yake usijue. Usiku hutoka. Haendi mbali, huzunguka karibu na mlango wake, akikuta mche mchanga huukata chini, huuburura hadi shimoni na kuurudia mwingine. Yeye huweka akiba. Wala hali yote anayokusanya, sehemu kubwa huozea humo ndani. Hili ndilo linalowaudhi wakulima zaidi, na kwa haki. Mbuzi akila mche ameshiba, lakini huyu akata 10 akala 2.

Mbona hupenda kitalu? Fikirieni mnavyokitengeneza. Mmelima mchanga ukawa laini, mmetoa magugu yote, mnamwagilia kila jioni wakati kila mahali pengine ni pakavu, kisha mmepanda miche laini iliyosongamana. Kama mngekusudia kumwandalia karamu msingefanya zaidi.

ANALIA NINI USIKU KUCHA?

Mwenye kulia ni dume peke yake. Halii kwa mdomo. Bawa lake la juu la kulia lina mshipa wenye meno madogo mengi mfano wa tupa ya fundi, na bawa la kushoto lina ukingo mgumu. Huyainua mabawa, akasugua moja juu ya jingine, ule ukingo ukapita kwenye meno, na mabawa yenyewe yakatetemeka kama ngozi ya ngoma. Ndiyo sauti. Chenene wetu ni katika wadudu wenye sauti kubwa mno duniani. Ukisimama karibu naye masikio hukuwasha, na usiku mtulivu husikika mbali sana.

Huanza jua likishachwa, akikaa mlangoni mwa shimo lake. Anamwita jike. Jike akisikia, kwa yale masikio ya miguuni, huifuata sauti. Lakini sauti ile ile huwaambia na madume wengine kwamba hapa pana mwenyewe, wasije. Usiku wa joto nyenje na chenene hulia haraka zaidi, na usiku wa baridi taratibu, kwa kuwa wadudu hawana joto la mwili lao wenyewe kama sisi. Mmarekani mmoja, Amos Dolbear, aliandika mwaka 1897 hesabu ya kujua joto la hewa kwa kuhesabu milio ya nyenje wa kwao. Hesabu yake si ya chenene wetu, lakini msingi ni huo huo.

Wapo wanaosema chenene akilia karibu na nyumba ataleta msiba. Msiba hauletwi na mdudu anayetafuta mke. Tuliache hilo.

Faida ya kuujua mlio ni kwamba wawatajia wapi shimo lilipo. Tabu ni kuwa ukiikaribia sauti huonekana kama imehama, mara iko kulia mara kushoto, na ukikanyaga tu hunyamaza. Njia iliyowasaidia akina mama wetu ni kwenda watu wawili. Mmoja asimame upande huu wa kitalu, mwingine upande ule, mbalimbali. Kila mmoja anyooshe mkono kuelekea anakosikia sauti. Pale mistari ya mikono inapokutana, ndipo. Wekeni kijiti, mrudi asubuhi na jembe.

MAISHA YA MWAKA MMOJA

Kipepeo huanza kiwavi, akajifunga, kisha akatoka na mabawa. Chenene hana kulala huko. Mtoto wake hutoka kwenye yai akiwa chenene tayari, mdogo mdogo, bila mabawa, na kila akikua huvua ngozi ya zamani akatoka na mpya, mara nyingi, mpaka mara ya mwisho atoke na mabawa kamili.

Nyenje wengi jike ana mkia mrefu kama sindano wa kuchomeka mayai ardhini. Chenene jike mkia huo wake ni mfupi sana, karibu hauonekani, kwa kuwa hana haja nao: hutaga humo humo shimoni mwake, kwenye chumba cha chini penye unyevu, mayai mengi. Baada ya kiasi cha mwezi mmoja huanguliwa. Watoto hukaa kwa mama siku za mwanzo wakila ile akiba iliyowekwa, kisha hutoka na kila mmoja kuchimba kijishimo chake, kidogo kwanza, halafu kuongeza kadiri anavyokua. Mzunguko mzima, yai hadi yai, huchukua kama mwaka mmoja.

Kwa mkulima hapo pana jambo kubwa. Mdudu wa mwaka mmoja si kama mbu au chawa wa mimea ambao mkiwaua leo wiki ijayo wamejaa tena. Jike mmoja mliyemchimbua kabla hajataga ni kundi zima lililopungua mwaka ujao. Kazi ya jembe hapa hailiwi na upepo. Wakubwa wenye mabawa twawaona na kuwasikia zaidi mvua zinapoanza, na siku hizo wengine huruka wakaja kuangukia chini ya taa za maduka hapo stejini. Basi wiki za mwanzo za mvua ndizo za kuwatafuta.

YUPO NA NDUGUYE WA MAJINI

Wenye mashamba ya mpunga mabondeni, kama kule Vanga, pengine mnasoma mkisema huyu si yule wetu. Ni kweli. Kwenye udongo wa majimaji yuko mwingine, mdogo zaidi, mwenye manyoya laini kama mahameli na miguu ya mbele mipana yenye meno kama sepeto. Huyo hutembea chini kwa chini kama fuko, hula mizizi na pia minyoo na wadudu, na njia zake huonekana juu kama udongo ulioinuka mstari. Dume lake huchimba mlango wa mfano wa tarumbeta ili sauti itoke kwa nguvu. Mwaka 1970 Mwingereza Bennet-Clark alionyesha kwamba umbo hilo lafanya kazi kweli kama tarumbeta, huikuza sauti na kuielekeza. Dawa ya huyo ni maji: shamba likijaa maji hulazimika kupanda juu, na ndege humaliza kazi. Hatutasema zaidi juu yake leo.

KABLA HUJAMLAUMU, HAKIKISHA

Si kila mche uliokatwa ni kazi ya chenene. Tumeona mtu akichimba shamba zima kutafuta chenene na mwizi ni mwingine.

Mche ukikatwa chini lakini ukaachwa umelala hapo hapo, fukua kwa kidole kuzunguka shina, sentimita chache tu. Ukipata kiwavi mnene wa kijivu aliyejikunja kama herufi C, huyo ni sota. Sota hana nyumba wala akiba. Mche ukinyauka ukiwa umesimama, na ukiuvuta ukatoka na udongo ndani ya shina, ni mchwa. Ute unaong'aa ni konokono. Mahindi yaliyong'olewa na mizizi, na punje imeliwa, ni kunguru, wala hili halihitaji upelelezi, manake hufanya mchana mbele yako. Walio karibu na bahari, upande wa Tiwi, mchunguze pia mashimo ya kaa. Shimo la kaa ni pana na hubaki wazi. La chenene ni la kuingia kidole, lina kifusi kibichi asubuhi, na mara nyingi kipande cha jani kimekwama mlangoni.

Ikiwa kichwa cha mche hakipo kabisa, na ndani ya hatua chache kuna kifusi kibichi, basi umempata.

TUFANYE NINI?

La kwanza ni jembe. Pitieni kitalu na pembezoni mwake asubuhi mapema, umande haujakauka, mchanga mbichi waonekana vizuri. Chomekeni unyasi au kijiti chembamba kwenye shimo kiwe dira, kisha fuateni kwa jembe. Msipofanya hivyo mchanga utaporomoka na njia itapotea. Chimbeni mpaka mwisho, msikate tamaa katikati, manake yeye hushuka chumba cha chini kabisa. Mkikuta mayai, yatoeni nje juani, na kuku wataona wenyewe.

La pili ni maji ya sabuni. Watoto wetu wajua kumwaga maji shimoni ili chenene atoke. Maji matupu mchanga huyanywa haraka na yeye huvumilia. Lakini tieni sabuni ya unga kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 5. Mnakumbuka vile vitundu vya ubavuni? Maji matupu hayaingii humo kirahisi, hubaki nje kama tone juu ya jani la yugwa. Maji yenye sabuni huingia. Akose pumzi, atoke mbio. Mtu mwingine awe tayari mlangoni na kopo. Mimina taratibu bila kukatiza, na usimimine kando ya mashina ya miche.

La tatu ni kuinua miche. Kikundi chenye vifuko vya kuoteshea kipange vifuko hivyo juu ya meza ya fito, urefu wa kiuno, badala ya chini. Chenene ni mzito, mtu wa ardhini, hana hamu ya kupanda. Kwa miche ya thamani kama mikorosho na miembe ya kupandikiza, hii ndiyo njia tunayoiona bora kuliko zote, na mbuzi pia huipata tabu. Miche ikishapelekwa shambani, zungushieni kila mmoja kopo lililotolewa tako, lizame sentimita 3 au 4 ardhini na libaki kiasi cha kiganja juu. Haitawazuia wote. Mwenye kuamua kuchimba chini atachimba. Lakini wengi hupita wakaenda kwenye rahisi zaidi, na shina likishakuwa gumu kama penseli hatari imepita.

La nne ni kuku na kanga. Wiki mbili kabla ya kupanda, limeni kitalu kwa kina, mvunje mashimo, kisha waacheni kuku humo kutwa. Baada ya kupanda wafungieni, la sivyo mtakuwa mmebadilisha mwizi tu.

Halafu kuna jambo la ujirani. Chenene hatambui mpaka wa shamba. Mkichimba nyinyi peke yenu, wa kwa jirani watahamia kwenye nafasi iliyoachwa. Yule jirani aliyeshukiwa, wa ugomvi wa mpaka, shamba lake lilikutwa na mashimo mengi kuliko kitalu chenyewe, na mahindi yake pia yalikuwa yamekatwa. Alikuwa akiwashuku wao.

DAWA ZA SUMU

Hapa tutasema kwa ukali kidogo. Katika ule mkanganyiko mwanachama mmoja alileta dawa isiyo na karatasi, imetiwa kwenye chupa ya soda, kwamba imwagwe mashimoni. Bahati nzuri haikutumika. Wengine humimina mafuta ya taa au oili chafu ya gari.

Mchanga wetu hauzuii kitu. Mvua inayonyesha huku juu huteremka ardhini, na ni maji ya chini ya ardhi hayo hayo yanayovutwa kwenye visima vya Tiwi, ambavyo vimekuwa vikiwanywesha watu wa Likoni, Diani na hata Kwale mjini, mbali na visima vyetu vya kamba huku vijijini. Shimo la chenene ni kama mrija wa kuelekea chini. Unapomimina sumu humo, umeivusha tayari nusu mita ya udongo ambao ungeichuja kidogo.

Pia walio na kazi ya kumla chenene ni wengi: bundi, vyura, kalunguyeye, kenge, na nyigu wachimbaji ambao humdunga akapooza, kisha huzaa juu yake ili mtoto wao apate nyama mbichi. Chenene aliyekunywa sumu hufa polepole juu ya ardhi, na aliyemla hufa naye. Mwaka unaofuata una chenene wale wale na huna bundi. Ikiwa mashambulizi ni makubwa kweli, mwoneni afisa wa kilimo wa wadi yenu, na dawa yoyote iwe ya duka lenye leseni, kwenye chombo chake na maandishi yake. Chupa ya soda ni ya soda. Watoto hawajui kusoma chupa.

ANALIWA?

Swali hili huulizwa kila tukizungumza juu yake, na kuna wanaocheka. Ndiyo, analiwa. Sehemu nyingi za Afrika, tangu Nigeria hadi Zambia na Kongo, chenene huyu huyu ni kitoweo. Magharibi ya Kenya Waluo humjua nyenje kama onjiri. Mwaka 2013 shirika la FAO lilitoa kitabu juu ya wadudu wanaoliwa duniani, likahesabu aina zaidi ya 1,900. Nyenje aliyekaushwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, hivyo si chakula cha mzaha. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimefanya utafiti wa kufuga nyenje kwenye makasha, lakini hao ni aina wadogo wanaokomaa kwa miezi michache na kukubali kukaa wengi pamoja. Chenene wetu hafugiki hivyo. Hukua mwaka mzima, na ukiwaweka 20 kwenye kasha moja asubuhi hutawakuta 20.

Kwa upande wa dini, Wakristo wenzetu watakumbuka kwamba Walawi 11 huwataja nzige na jamaa zake kuwa halali, na Yohana Mbatizaji aliwala nzige jangwani. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika vikundi hivi, nzige kwao ni halali pia, lakini kwa chenene waulizeni mashekhe wenu, si sisi. Asiyetaka asilazimishwe. Anayetaka atoe mabawa, miguu na utumbo, aoshe, akaange na chumvi mpaka wakauke. Mambo mawili ya kuangalia: asichukuliwe chenene wa shamba lililopigwa dawa, na mtu ambaye kamba wa baharini humvimbisha midomo au kumtoa vipele asimguse kabisa, kwa kuwa ni mwili wa namna moja na waweza kumdhuru vilevile.

Kile kikundi kilichimba asubuhi nne mfululizo, pamoja na jirani. Walitoa chenene 31, wakubwa na watoto. Wale wanachama watatu wamerudi, mmoja akisitasita. Miche ya nyanya walipanda upya na wameshauza mara mbili. Mikorosho iko juu ya meza ya fito ikingoja mvua za mwaka, na yule mvulana amepewa zamu ya kuzunguka na tochi jioni, kwa malipo ya maandazi, ambayo anasema hayatoshi.